Jilaal kwa Kijerumani: kuzungumzia hali ya hewa ukitokea Garissa

Vitabu vya Kijerumani vya wanaoanza vina kurasa zinazofanana: mti unaopukutisha majani, sanamu ya theluji yenye pua ya karoti, mwavuli mwekundu, jua lenye uso wa kucheka. Mwalimu akiuliza "Wie ist das Wetter?", mwanafunzi wa Garissa hutazama picha, huchagua moja na kujibu "Es schneit", yaani theluji inaanguka, huku shati limemganda mgongoni kwa jasho. Jibu ni sahihi na atapewa alama. Kasoro yake ni kwamba hajasema jambo lolote analolijua.

Mwongozo huu unapita njia nyingine. Jifunze kwanza kuieleza hewa ya nyumbani: jua la Februari, vumbi la barabara ya Wajir, mto Tana unaofurika pasipo tone la mvua mjini. Theluji utaikuta mbele ya safari, na sentensi zake utakuwa umeshazijua, kwa sababu umbo lao ni lile lile.

Sababu za kujifunza zimeongezeka. Mnamo 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba wa uhamiaji na ajira, Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz wakiwepo. Mkataba hautaji idadi ya nafasi za kazi, hata kama umesikia nambari kubwa kubwa zikitajwa kwenye vibaraza vya chai. Kinachoulizwa kwanza ni lugha. Muuguzi aliyehitimu, tuseme kutoka chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, cha Garissa, kwa kawaida huombwa afike kiwango cha B2, na kabla ya hapo atapitia ngazi za A1, A2 na B1. Hali ya hewa humfuata ngazi zote hizo: katika kusikiliza taarifa za redio, katika kueleza kwao kulivyo, na baadaye kwenye kitanda cha mgonjwa anayetaka tu mtu wa kuongea naye asubuhi.

Yule "es" asiyeonekana

Kiswahili sanifu humtaja mtendaji: mvua inanyesha. Kisomali pia humtaja: roob baa da'aya. Kijerumani hakimtaji, ila hakikubali kiti chake kibaki wazi, kwa hiyo hukalisha hapo neno dogo "es" na kuendelea: es regnet. Wanafunzi hupoteza muda mwingi wakiuliza "es" ni nani. Si mtu. Tena Wakenya tunaye siku zote, ila walimu wa Kiswahili humkata kwa kalamu nyekundu: "kunanyesha", "kumenyesha Balambala", "kulinyesha usiku". Ile ku- ya mtaani ndiyo "es" yenyewe, na kwa mara hii moja lugha ya mtaani itakusaidia kuliko ya darasani.

Shika hivyo, na sehemu kubwa ya somo itakuwa imekwisha. Kunanyesha, es regnet. Kuna manyunyu, es nieselt. Kunapiga radi, es donnert. Kuna joto, es ist heiß. Kuna upepo, es ist windig. Kuna mawingu, es ist bewölkt. Kuna ukungu, es ist neblig. Mvua ikimwagika kana kwamba mbingu zimepasuka, es gießt. Mvua ya mawe, es hagelt. Na theluji utakayokutana nayo siku moja, es schneit.

Kosa linalorudiwa kuliko yote liko kwenye mpangilio. Ukianza sentensi na "leo", "kesho" au "kwetu", kitendo lazima kiwe cha pili na "es" ifuate nyuma yake. Heute regnet es. Morgen wird es heiß. Bei uns regnet es selten. Ukisema "Heute es regnet" utaeleweka, lakini mtahini ataandika kitu kwenye karatasi yake. Na ukitumia "weil" (kwa sababu) au "wenn" (ikiwa), kitendo huenda mwisho kabisa: weil es heiß ist, wenn es regnet. Wakati uliopita wa vitendo hivi vya mvua na radi hubebwa na "haben": es hat geregnet, es hat gedonnert.

Sasa mwili. Kwa Kiswahili unasikia baridi au unasikia joto; kwa Kisomali baridi hukushika, dhaxan baa i haysa. Kijerumani kiko karibu na Kisomali hapa: baridi ni kitu kinachokufikia wewe. Mir ist kalt. Mir ist heiß. Kumuuliza mwenzako, "Ist dir kalt?", na kwa mkubwa au mgeni, "Ist Ihnen kalt?" Usiseme kamwe "Ich bin heiß." Maana yake ni kwamba una ashiki, na ukilisema mbele ya wakubwa utatamani ardhi ipasuke. "Ich bin kalt" nayo humaanisha mtu asiye na huruma. Ukiona "mir" inakuchanganya siku za mwanzo, kuna vitendo viwili salama visivyo na mtego: ich schwitze, natoka jasho, ich friere, natetemeka kwa baridi.

Hali nzuri ni ipi?

Hapa ndipo panapohitaji akili zaidi, na vitabu havigusi, kwa kuwa vimeandikwa na watu ambao kwao jibu linajulikana. Mjerumani akisema "schönes Wetter" anamaanisha jua. Akisema "schlechtes Wetter" anamaanisha mvua na mawingu. Hana haja ya kueleza. Wote waliomzunguka wanajua.

Sasa chukua mtu wa Garissa, wa Modogashe au wa Hulugho. Wingu zito likijikusanya mwezi wa Oktoba baada ya miezi mikavu, hiyo ndiyo hali nzuri. Mgeni akifika kutoka malishoni, swali la mapema baada ya salamu ni kama kumenyesha huko alikotoka, na swali hilo si la kupitisha muda. Jibu lake huamua ngamia wataelekea wapi wiki hiyo na mbuzi watauzwa kwa bei gani kwenye soko la mifugo. Mjerumani huuliza hali ya hewa apate la kuanzia mazungumzo, na mfugaji huiuliza kama anayeuliza habari za mgonjwa.

Kwa hiyo ukimwambia Mjerumani kwa furaha, "Meine Mutter hat angerufen, es hat geregnet!", atakupa pole. Atadhani sherehe fulani imeharibika. Dawa ni neno moja, "endlich", yaani hatimaye: Endlich hat es geregnet! Neno hilo humgeuza msikilizaji papo hapo. Ukiongeza sentensi moja ya sababu umemaliza: Die Tiere haben wieder Wasser und Gras. Wanyama wana maji na majani tena.

Kwa upande wa pili, usiseme kwamba hali ya hewa ya kwenu ni mbaya kwa sababu jua linawaka, ukamwachia hapo. Taja kilicho kibaya chenyewe. Die Hitze ni joto kali, die Dürre ni ukame, der Staub ni vumbi. Es ist zu trocken, kumekauka kupita kiasi. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila kuleta mvua ya kutosha, na familia nyingi za kaskazini mashariki zilipoteza mifugo yao. Kwa Kijerumani hilo husemwa hivi: Fünf Regenzeiten sind ausgefallen. Kitendo "ausfallen" ni kile kile wanachokitumia treni isipokuja au somo likifutwa, na nadhani ndiyo maana kinawagusa: wanajua vizuri kukasirikia kitu kilichoahidiwa kisichofika. Endelea: Viele Familien haben ihre Tiere verloren. Sentensi mbili hizo zitakufaa kwenye mtihani wa B1, ambako mtahiniwa hutoa maelezo mafupi juu ya mada aliyopewa na kutakiwa kusema hali ilivyo nchini mwake.

Kisha kuna mto. Mtu ambaye hajafika Garissa haelewi kwamba mji unaweza kukumbwa na mafuriko bila mvua. Maji ya Tana hutoka nyanda za juu, kwenye Mlima Kenya na safu za Aberdare, hupita mabwawa ya Masinga hadi Kiambere, na yakizidi huko hushuka kwetu juani. Hii ndiyo sentensi bora zaidi ya kufanyia mazoezi katika mwongozo huu wote, kwa kuwa ina "aber" (lakini), ina "weil", na ni kweli tupu:

Bei uns regnet es nicht, aber der Fluss steigt, weil es in den Bergen regnet.

Isome kwa sauti mpaka ulimi usijikwae. Kisha ongeza: Im November 2023 stand die Straße unter Wasser. Ni ile mvua ya El Niño iliyofunika barabara ya upande wa Madogo na kuwakwamisha abiria wa Nairobi. Wajerumani wataelewa upesi, kwani Julai 2021 mto mdogo wa Ahr, magharibi mwa nchi yao, ulifurika usiku mmoja na ule msiba wa siku hizo uliua zaidi ya watu 180. Neno lenyewe ni refu, die Überschwemmung, ila "Hochwasser" ni jepesi na ndilo utakalolisikia kwenye taarifa.

Joto lina adabu zake pia. Usijibu kwa majigambo. Siku ya nyuzi 31 mjini Köln mwenzako kazini atapangusa uso na kusema "Diese Hitze!", nawe kinywani una jibu kwamba hilo si joto, njoo Garissa Machi uone. Limeze. Nyumba zao zimejengwa kuhifadhi joto, nyingi hazina kiyoyozi, na wazee hufa kwa joto kila kiangazi kinapokuwa kikali. Isitoshe unaweza kuumbuka, maana tarehe 25 Julai 2019 vituo vya Duisburg-Baerl na Tönisvorst vilipima nyuzi 41.2, kiwango ambacho hata Garissa si cha kila siku. Kubali kwanza: Ja, heute ist es wirklich heiß. Watakujibu "Du bist das ja gewohnt", wewe umeshazoea. Wasemaji hawana nia mbaya, lakini sentensi hiyo utaisikia mpaka ikuchoshe, hivyo ni vizuri kuwa na jibu: Mittags suchen wir auch Schatten. Adhuhuri hata sisi hutafuta kivuli.

Majira manne yasiyolingana

Wao wana majira manne na kaskazini mashariki ina majira manne, na hapo ndipo mtego ulipo. Mtu huona Frühling, Sommer, Herbst, Winter upande mmoja, na Jilaal, Gu, Hagaa, Deyr upande wa pili, akayafunga mawili mawili. Jilaal ni Januari hadi Machi, kwa hiyo ni Winter? Basi ataandika kwamba Winter ya kwao ina joto kuliko miezi yote, na msomaji ataduwaa.

Programu za tafsiri za simuni huongeza matatizo. Ukiitafuta Herbst utaletewa "vuli". Vuli yetu ni mvua fupi, Deyr, wakati nyika ya Ijara inapovaa kijani. Herbst ni wakati miti yao inavua nguo. Miezi inakaribiana na mambo yanayotokea ni kinyume kabisa.

Usitafsiri majira. Yataje kwa majina yake, ukitumia sentensi hii: "Wir nennen sie…", sisi tunaiita. Kwa bahati njema die Regenzeit na die Trockenzeit zote ni za kike, kwa hiyo "sie" inafaa kote.

Von April bis Juni ist Regenzeit. Wir nennen sie Gu.
Von Juli bis September ist es trocken, windig und etwas kühler.
Von Oktober bis Dezember regnet es noch einmal, aber nicht lange.
Im Januar ist Trockenzeit. Wir nennen sie Jilaal. Im Februar und im März ist es am heißesten.

Angalia vihusishi: miezi na majira yao huchukua "im" (im März, im Winter), lakini misimu yetu huchukua "in der" (in der Regenzeit, in der Trockenzeit). Ukiteleza hapo si dhambi kubwa, ila ukipatia, mtahini huliona.

Kuna neno jingine la kutofautisha watu wa pwani na wa bara kavu. Joto la Mombasa, la kunata, ni "schwül". La Garissa ni "trocken". Mwambie Mjerumani, "In Mombasa ist es schwül, in Garissa ist es trocken und heiß", naye atajua mara moja unaujua uzito wa maneno yako, kwa sababu "schwül" ni neno wanalolilalamikia wenyewe kila Julai. Vumbi linalojizungusha njiani, kisulisuli, huitwa "Staubteufel", shetani wa vumbi. Wazee wa kwetu wangekubaliana nao.

Halafu usishangae ukiambiwa Berlin haina mvua nyingi sana. Hupata takriban milimita 570 kwa mwaka, wakati Garissa hupata kama 300 hadi 400. Tofauti ni jinsi inavyoshuka. Huko hugawanywa manyunyu kwa manyunyu mwaka mzima, mtu akitoka asubuhi haelewi kama inanyesha au la; huku hushushwa kwa siku chache, laga zikajaa na lori likakwama. Mwambie: Bei uns regnet es selten, aber dann richtig.

Faida ya madrasa

Matamshi. Mwanafunzi wa Garissa aliyepita madrasa mara nyingi ana mdomo ulioandaliwa zaidi kuliko wa Nairobi, na sijui kwa nini walimu hawamwambii. R ya Kijerumani hutoka kooni, jirani kabisa na gh ya "ghali" au ghayn ya Kiarabu. Sema Regen kana kwamba unaanza na gh laini. Ch ya "Nacht" na "noch" ni kh ya "khamsa". Ch ya "ich" ni nyepesi zaidi, pumzi inayopita juu ya ulimi, kati ya h na sh.

Mengine ni ya kuzoea. W husomwa v: Wetter ni "veta", Wind ni "vint", Wolke ni "volke". S mwanzoni mwa neno, mbele ya irabu, husomwa z: Sonne ni "zone". Ei ni "ai", ndiyo maana heiß ni "hais". Ile ß si B, ni s, na simu yako isipokuwa nayo andika ss. Ü ya "schwül" hupatikana ukiuchonga mdomo kama unayetaka kusema u, halafu ukasema i. Anayezungumza Kisomali nyumbani achunge P, kwa kuwa Kisomali hakina: atofautishe "Platzregen", mvua ya ghafla, na "Blitz", umeme.

Nambari nazo. Kijerumani hutanguliza mamoja: 36 ni sechsunddreißig, sita-na-thelathini. Wakenya wengi huzama hapo, wakisikia 36 wakaandika 63. Lakini aliyesoma Kiarabu amezoea sitta wa thalathin, na Kisomali pia husema lix iyo soddon. Usipitie Kiswahili wala Kiingereza ukihesabu nyuzi. Pitia Kisomali au Kiarabu moja kwa moja: Heute sind es sechsunddreißig Grad. Chini ya sifuri ni "minus fünf Grad". Hilo halina mwenzake Garissa, likariri tu.

Kwenye kitanda cha mgonjwa

Ukifika kazini kwenye nyumba ya wazee, hali ya hewa itakuwa nusu ya mazungumzo yako ya mwezi wa kwanza. Mazungumzo huwa mafupi, na kanuni yake ni kuafikiana kwanza. Mfano, wewe na mama wa miaka themanini na kitu:

– Guten Morgen. Haben Sie gut geschlafen?
– Ach ja. Was ist das für ein Wetter! Schon wieder Regen.
– Ja, leider. Aber morgen soll es schöner werden. Ist Ihnen kalt?
– Ein bisschen.
– Ich bringe Ihnen eine Decke. Soll ich das Fenster zumachen?

Tazama "leider", kwa bahati mbaya. Moyoni unaweza kuwa unasema alhamdulillahi kwa mvua, lakini huyu mama alitaka kukaa bustanini. Tazama pia "Sie" na "Ihnen". Garissa ungemwita ayeeyo, yaani bibi, na hiyo ndiyo heshima. Huko ukimwita mgonjwa "Oma" umemvunjia heshima, kwani yeye si bibi yako. Mwite Frau na jina la ukoo wake, kila mara.

Dirisha lenyewe ni jambo. Wajerumani hufungua madirisha wazi kwa dakika chache hata kukiwa na barafu nje, hewa ibadilike, kisha hufunga. Kitendo hicho ni "lüften", na ukiambiwa "Bitte lüften!" usidhani unaadhibiwa.

"Soll" katika "morgen soll es schöner werden" haina maana ya lazima. Ni "inasemekana", neno la mtu anayenukuu utabiri bila kuapa. Aliyezoea kufunga kila habari ya kesho kwa Inshallah ataipenda, kwa sababu hufanya kazi ile ile ya kutojitwika yasiyo yake. Ukitaka kuonyesha tumaini sema "hoffentlich": Hoffentlich regnet es bald. Hoffentlich schneit es nicht.

Matusi ya hali ya hewa utayasikia ila usiyaanze wewe. Siku mbovu huitwa Sauwetter, hali ya hewa ya nguruwe jike, au Hundewetter, ya mbwa. Ngamia hahusishwi. Kaa na "schlechtes Wetter" mpaka uzoeane na watu.

Maneno ya usalama ni tofauti. Hayo yajue kabla hujapanda ndege. "Es ist glatt", kunateleza. "Glatteis", barafu isiyoonekana juu ya njia, inayovunja nyonga za wageni na wenyeji. "Vorsicht!", angalia. "Unwetter" ni dhoruba ya hatari, na idara yao ya hali ya hewa, Deutscher Wetterdienst, hupaka onyo rangi: njano, chungwa, nyekundu, na zambarau ikiwa juu ya zote. Nyekundu ikitangazwa hakuna wa kukucheka ukibaki ndani.

Na jua lenyewe litakuchanganya. Garissa ipo karibu na ikweta, mchana na usiku hugawana saa karibu sawa mwaka mzima. Berlin mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni: Um vier ist es schon dunkel. Swala ya Magharibi inaingia ukiwa bado na saa za kazi, kwa hiyo ni vizuri kuweza kumweleza msimamizi. Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku: Um neun ist es noch hell. "Schon", tayari, na "noch", bado, ni vijineno vya kuvishika, vinakuja kila mahali. Wakikuuliza "Hast du schon Schnee gesehen?", jibu "Noch nie", sijawahi kamwe, au "Noch nicht", bado, ukiwa na hamu ya kuiona.

Masikio

Kuzungumza ni rahisi kuliko kusikia, kwa sababu mtangazaji wa hali ya hewa hula vitendo. Hasemi "Es wird im Norden bewölkt sein". Husema "Im Norden bewölkt, vereinzelt Schauer, Höchstwerte achtzehn bis zweiundzwanzig Grad". Ukisubiri kitendo umepotea. Sikiliza mahali, kisha wingu au jua, kisha nambari, kwa mpangilio huo.

Maneno yanayorudi ni machache. "Heiter" ni anga safi yenye mawingu haba, "bedeckt" anga iliyofunikwa yote, "Schauer" mvua inayopita, "Gewitter" mvua ya radi, "vereinzelt" na "örtlich" ni hapa na pale, "zeitweise" ni kwa vipindi. "Hoch" na "Tief" ni maeneo ya kanieneo kubwa na ndogo ya hewa, na hupewa majina ya watu. Chuo Kikuu Huria cha Berlin kimekuwa kikiyataja hivyo tangu 1954, na tangu 2002 mtu yeyote anaweza kulipa jina alitakalo litumike. Kwa hiyo ukisikia mwanamke fulani analeta mvua kutoka Atlantiki, si umbea.

Kwa mwenye simu na bando kidogo, kozi ya bure ya Deutsche Welle iitwayo Nicos Weg huanzia A1 hadi B1, na shirika hilo hilo hutoa habari zinazosomwa polepole kwa wanaojifunza. Kipimo kigumu zaidi ni Tagesschau, taarifa ya habari ya saa mbili usiku ya Ujerumani, ambayo humalizia na hali ya hewa. Kwetu ni saa nne usiku wakati wa majira yao ya baridi na saa tatu wakati wa majira yao ya joto, kwa kuwa wao husogeza saa. Wiki za kwanza usijaribu kuelewa yote. Chora ramani ya nchi kwa mkono, Hamburg juu, München chini, Berlin mashariki, Köln magharibi, na uandike nambari za nyuzi tu unapozisikia. Kisha zilinganishe na zilizo kwenye skrini, uone ni mara ngapi umegeuza 12 ikawa 21. Zwölf haina "und" ndani yake, einundzwanzig inayo.